Kufuli, Saa na Masereka Wengi

Mwanangu Amuge,

Baba yako yuko nje anafunga sanduku lako kwa kamba ya lori, utadhani ni mifuko ya saruji anayoitoa kiwandani Hima. Nimemwambia sanduku lina zipu. Amenijibu kwamba zipu ni maneno, kamba ndiyo kazi. Wewe umekwenda kuaga nyumba kwa nyumba hapa kambini, na kwa jinsi ninavyowajua wanawake wenzangu wa Kasese, kila mlango utakulisha. Kwa hiyo nina muda wa kukaa na kalamu kabla hujarudi umeshiba na kukikataa chakula changu.

Sitakuandikia habari za sweta wala za maji ya kuchemsha. Chuo cha polisi kitakufundisha kuamka, kuoga na kutandika kitanda kwa kelele ambazo mimi sijawahi kuzifikia, ingawa baba yako anabisha.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako la jana. Tulikuwa tunakula, ukaweka tonge chini ukaniuliza, "Mama, unanibariki ama hunibariki?" Nami, mtu mzima, mpelelezi wa miaka yote hii, nikakujibu, "Osha sufuria." Uliinuka ukaenda kulala, ukaiacha sufuria palepale na ukoko wake wa ugali wa posho. Mpaka sasa iko pale mlangoni, imekauka, nzi wanaitembelea. Baba yako ameiruka mara kadhaa bila kusema neno, na kwa baba yako huko ndiko kusema.

Tangu habari ilipokuja kwamba umepokelewa polisi nimekuwa nikikujibu hivyo hivyo. Ukisema "chuo", nasema "kuni". Ukisema "sare", nasema "chumvi imeisha". Kesho asubuhi unapanda basi, na sitaki usafiri na jibu la sufuria. Swali lako ni la kweli, lina haki ya jibu la kweli. Ila unanijua, siwezi kwenda mahali moja kwa moja. Lazima nipitie kwenye kile kitabu.

Kiko hapa mezani mbele yangu. Hakina jalada, kinaanzia katikati ya sentensi, na mwisho wake ulishaliwa. Nilikipata Bwera, mpakani, mwaka ule niliohamishiwa huko kutoka kwetu Teso, wewe mgongoni. Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha gwaride: simama, geuka, kaa chini, toa mkanda. Nilikuwa nikiingia sokoni kununua nyanya, watu wananyoosha mikono juu.

Mama Kavira ndiye hakunyoosha mikono. Unamkumbuka, yule Mkongomani mnene aliyekimbia kutoka upande wa Butembo na kuanza maisha upya kwa kuuza karanga karibu na mpaka, na rozari shingoni. Karanga zake alikuwa akizifunga kwa kurasa za kitabu. Siku moja nikanunua, nikala, kisha nikaanza kusoma kile kikaratasi. Kulikuwa na fundi wa kufuli, kulikuwa na mwizi, na pale hasa nilipotaka kujua, karatasi ikaisha. Nikarudi mbio.

"Mama, ukurasa unaofuata uko wapi?"

"Ah, afande, ile niliisha kumupa mutu. Alinunua karanga ya mutoto."

"Na kitabu chenyewe?"

Akakitoa chini ya gunia. "Iko hii. Haina kichwa, haina miguu. Utafanya nayo nini, wewe polisi?"

"Nataka kusoma."

Akanitazama sana, kisha akacheka mpaka rozari ikaruka. "Basi kamata. Lakini uniletee magazeti. Karanga haziwezi kuenda mu mukono."

Nilimpelekea magazeti ya kituoni mwaka mzima. Kile kikaratasi changu nilikirudisha mahali pake, na mpaka leo kina alama ya mafuta ya karanga. Namshukuru yule mama. Kiswahili hiki ninachokuandikia, tuseme nusu yake ni chake.

Hadithi zilizosalia ndani zilikuwa mbili, ya kwanza imekosa ukurasa mmoja niliouziba kwa kukisia, ya pili imekosa mwisho. Unazijua kwa moyo, lakini niache nizisimulie mara ya mwisho nikiwa nakaa na wewe nyumba moja.

Ya kwanza ni ya fundi wa kufuli. Mji mzima umefunga maduka kwa kufuli zake, na yeye kwa siri amejibakizia ufunguo wa kila moja. Anaanza kuiba. Anajua kwamba akifungua kwa ufunguo watamjua, kwa hiyo kila duka analoliingia anavunja kufuli kwa nyundo na kuviacha vipande chini vionekane. Watu wanasema mwizi huyu hana ufundi, ana nguvu tu. Fundi anawaonea huruma, anawauzia kufuli nyingine. Mpaka siku ile mwenye duka la vitambaa alipokwenda harusini akasahau kufunga. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi. Asubuhi likakutwa limepondwapondwa, na kwenye kile chuma chake cha juu ilionekana wazi kwamba lilipopigwa halikuwa limefungwa. Mpelelezi akauliza swali moja tu: nani anavunja kufuli lililo wazi? Mwizi wa kawaida angevuta kwanza, lingetoka lenyewe. Hakuvuta huyu, kwa sababu hakuja kufungua, alikuja kuvunja ili watu waone. Na mtu mwenye haja hiyo alikuwa mmoja tu mjini.

Hapo ulikuwa unapiga makofi, kila mara, hata kama uliisikia juzi.

Ya pili ni ya saa. Mpelelezi mwenye jina kubwa anakwenda kumsalimu mjane mmoja, rafiki wa marehemu mama yake. Siku anayofika, bibi yule anamwambia, "Nimekutilia kitu kwenye mfuko wako wa safari, usifungue mpaka ufike kwako." Mpelelezi anadhani ni keki. Kesho yake saa ya fedha ya bibi haipo mezani, bibi analia, mpelelezi anaanza kazi. Anakuta tope dirishani. Anamuuliza mtunza bustani alikuwa wapi usiku, mtunza bustani anadanganya, maana alikuwa kwa mchumba ambaye wazazi wake hawamtaki. Basi, mambo yamekamilika. Kijana anafungwa pingu, mpelelezi anasifiwa, anapigiwa makofi mpaka stesheni. Ndani ya treni anafungua mfuko wake kutafuta leso, mkono unagusa kitu kizito kilichofungwa kwa shali ya bibi. Saa. Uzee ulikuwa umemwingia yule mama, alimpa zawadi akasahau kwamba ametoa. Mpelelezi aliitafuta nyumba nzima, na muda wote ilikuwa kwenye mfuko wake mwenyewe, inagonga. Anasimama, anashika kamba ya kusimamisha treni, na.

Na hapo zikaingia karanga za mtu.

Ulipofika sekondari mwalimu wenu wa Kiswahili aliwapa kazi ya kulinganisha hadithi mbili za upelelezi, msuko wake na kinaya chake. Wenzako walichukua za vitabu vyenye jalada. Wewe ulichukua hizi. Ulikaa pale kwenye ndoo iliyogeuzwa ukanisomea ulichoandika, mimi nikiwa nachambua maharage, na mara ya kwanza nikasikia lile neno.

"Kinaya ni nini?"

"Ni pale mtu anategemea hivi, mambo yanatoka vile, na anayejikwaa ni yeye mwenyewe. Kama mpelelezi na saa."

"Sisi kituoni hiyo tunaiita aibu."

Ulikasirika. Lakini uliyoyaandika nayakumbuka, kwa sababu yalinishinda. Ulisema hadithi ya kufuli msuko wake unakwenda mbele tu, kila tukio linamsogeza mwizi kwenye mtego wake, na ukimaliza unafunga kitabu umeridhika. Ile ya saa inakwenda mbele vilevile, lakini ukifika kwenye treni inakurudisha mwanzo, unalazimika kuisoma upya, na kila sifa uliyomsifu nayo mpelelezi sasa inakuwasha. Ulisema kwenye kufuli tunamcheka mwizi, lakini kwenye saa hakuna wa kumcheka, maana sisi wasomaji nasi tulidhani ni keki.

Mimi nilibisha. Nilisema hadithi ya upelelezi ni kukamata, na isiyokamata ni hadithi ya nini? Baba yako alisema hadithi nzuri ni ile fupi, akaenda kulala. Wewe ukasema, "Mama, unapenda ya kufuli kwa sababu polisi ameshinda." Niliinama kwenye maharage nikayachambua hata yaliyokuwa mazuri. Ulikuwa umesema kweli, na mtoto wangu kuniambia kweli bila woga, nilifurahi moyoni ingawa uso haukuonyesha.

Sasa Masereka. Najua unacheka. Kambi nzima inaijua habari hii. Mpaka leo nikipita Bwera kuna askari wa zamani wananipigia saluti na kusema, "Afande Masereka, jambo." Lakini umeisikia siku zote kama kichekesho cha kambi. Wacha uisikie leo kutoka kwa mwenye nayo.

Duka moja pale Bwera liliibiwa betri kubwa ya sola siku ya soko. Mwenye duka akasema, "Ni Masereka wa pikipiki, wa kule mlimani." Nilikuwa mgeni, nilikuwa na hamu ya kuonekana, na wakubwa walikuwa wamenipa kesi yangu ya kwanza peke yangu. Sikumuuliza askari yeyote mwenyeji. Ningeuliza kwa nini? Jina ninalo, pikipiki ninayo, mlima ninauona. Nikapanda.

Nilipofika juu niliuliza Masereka wa pikipiki, wakanionyesha kijana anaosha pikipiki yake.

"Wewe ni Masereka?"

"Ndiyo, afande."

"Hii pikipiki ni yako?"

"Ni yangu, afande."

"Siku ya soko ulikuwa Bwera?"

"Nilikuwa, afande. Nilibeba watu."

Kila nililouliza alikubali. Nilidhani ni ubingwa wangu wa kuuliza. Nikamteremsha, akavua mkanda na viatu kama wanavyovua wote, akaingia selo.

Siku ya pili yake nilirudi nyumbani mchana kula, mabega juu. Tulikuwa tunakaa kwenye yunipoti, zile nyumba za bati za duara ambazo jua likiwaka unaiva ndani yake. Mama Baluku wa nyumba ya pili alikuwa amekaa mlangoni kwangu, anakulisha wewe pamoja na wanawe, kama alivyofanya kila siku nilipokuwa zamu. Mlikuwa mmezunguka sahani moja. Nikamwambia, "Mama Baluku, nimemkamata Masereka."

Akameza kwanza. "Masereka gani, afande?"

"Masereka. Yule mwizi wa betri."

Akanyoosha kidole kwenye sahani. "Na huyu?"

Yule mwanawe mwenye kamasi, aliyekuwa akila posho kwangu kila siku ya Mungu, aliyevunja kikombe changu, niliyekuwa nikimwita "wewe mtoto". "Huyu naye ni Masereka," akasema. "Kaka yangu iko Masereka. Mutoto ya dada yangu, Masereka. Sisi kijana ya tatu kuzaliwa tunaita Masereka, afande. Hata huko Congo wanaita Kasereka. Mlima yote iko na Masereka."

Amuge, kwetu Teso mtoto anapewa jina kwa jambo alilozaliwa nalo, njaa, mvua, ng'ombe, safari. Nilikuwa nimekaa katikati ya Bakonzo, watu wa mlima ule, muda wote ule, nikidhani kila mmoja naye ana jina lake peke yake. Sikuwahi kuuliza. Wiki ileile nilikuwa nimekusomea habari ya saa, nikamcheka yule mpelelezi mjinga. Na Masereka alikuwa amekaa mlangoni kwangu ana maharage kidevuni. Ningekuwa nimefungua mfuko wangu mwenyewe, ningemkuta.

Sikula. Nilirudi kituoni nikamweleza mkubwa, akashika kichwa, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka. Kijana akafunguliwa. Nilisimama pale anavaa viatu, anafunga kamba polepole, moja, halafu nyingine. Nilitamani anitukane. Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema si wewe?"

"Afande, we uliuliza jina, mi nikasema jina. Uliuliza pikipiki, nikasema pikipiki. Hukuuliza kama tuko wengi."

Yule mwingine alipatikana baadaye, na betri akiwa nayo. Naye Masereka, naye wa pikipiki, naye wa mlimani. Hakuna aliyenisifu, na sikutaka.

Ilinichukua muda kupanda tena mlima ule. Niliona haya. Siku nilipopanda nilikuchukua wewe, na sasa nakuambia kwa nini: nilidhani mbele ya mtoto hawatanifukuza. Nilibeba sukari na sabuni. Wewe unakumbuka parachichi tu, jinsi ulivyokula mpaka ukaumwa tumbo njiani. Mimi nakumbuka mama yake Masereka. Nilikuwa nimejipanga, nina maneno ya kuomba radhi niliyoyafanyia mazoezi tangu chini. Nikafungua mdomo, akasema, "Kaa, kula kwanza." Akaweka bundu, ugali wao wa muhogo, na samaki wa Katunguru, akakuweka wewe mapajani, akakulisha kwa mkono wake. Hakuna aliyesema habari ya selo mpaka tumemaliza. Nilipoyasema yale maneno yangu yalikuwa mafupi sana, maana nilikuwa nimeshiba chakula cha watu niliowakosea, na mtu aliyeshiba hivyo hana hotuba. Masereka alisema, "Imeisha, afande." Tukashuka.

Nimekamata watu wengi tangu siku ile, na wengine walikuwa wezi hasa. Lakini kazi yangu nzuri yote ilianzia kwenye ile sahani ya bundu. Nilianza kuuliza maswali ya kijinga. Nilianza kumuuliza mtu mama yake ni nani, anakaa na nani, wako wangapi. Wenzangu wakanicheka kwamba napeleleza kama shangazi anayetafuta mchumba. Basi na wacheke, mashangazi huwa hawaleti mtu siye nyumbani kwa makosa.

Sasa nirudi kwenye ubishi wetu, kwa sababu nimekubali umeshinda, ila nina nyongeza. Ulisema hadithi zile mbili zinatofautiana, moja kinaya kinamwangukia mwizi, nyingine kinamwangukia polisi. Ni kweli. Lakini mimi nikizitazama kwa macho ya kazi naona kosa ni lilelile. Mwizi hakuligusa kufuli kabla ya kulipiga. Mpelelezi hakugusa mfuko wake kabla ya kuigusa nyumba ya watu. Kila mmoja alikuwa na haraka ya kufika kwenye mwisho alioutaka, akapita kitu kilichokuwa karibu kabisa na mkono. Mwalimu wako angenipa alama ngapi?

Na kuna hadithi ya tatu, ambayo hukuiandika kwa sababu hukuijua. Kitabu kile nilikuwa nakusomea kwa makusudi. Nilikuona unakua kati ya buti na bunduki, unacheza gwaride na watoto wenzako kwa vijiti, nikaogopa. Nikasema mtoto huyu nitamtia upendo wa vitabu, awe mwalimu, alale kwake usiku, asihamishwehamishwe kama kreti la soda. Nikawa nikitoka zamu ya usiku, badala ya kulala mchana, nakusomea. Kumbe mama mjinga anamzuia mtoto asiwe polisi kwa kumsomea habari za polisi! Baba yako ndiye aliyenionyesha, juzi. "Umemlea kambini, umemwimbia wezi tangu anyonye, ulitaka awe mtawa?" Nimevunja kufuli kwa nyundo miaka yote, Amuge, na mlango ulikuwa wazi. Kama si aibu, hicho ndicho kinaya.

Unajua nilichokuwa naogopa? Si risasi, wala umande wa zamu za usiku, wala kuhamishwa. Nilikuwa naogopa uwe mimi, mimi yule wa kabla ya sahani. Nilikuwa nakuona umevaa sare mpya, mabega juu, unamteremsha mtu mlimani kwa sababu ana jina. Ndiyo maana nilikuwa nasema kuni, nasema chumvi, nasema sufuria. Nilinyamaza kwa woga, si kwa hasira, na wewe ulidhani ni hasira. Pole, mwanangu.

Leo mchana, ulipokuwa sokoni, Masereka alikuja. Ana mvi kidogo sasa, na bado ana pikipiki, si ileile. Ametoka Bwera mpaka hapa na gunia la parachichi, eti amesikia mtoto aliyekuwa akila parachichi anaondoka. Nikamkaribisha chai. Akaona sufuria mlangoni, akaniona uso, akauliza kuna nini. Nikamwambia yote. Nikamwambia, "Masereka, wewe unajua polisi mgeni anavyoweza kufanya. Ungekuwa wewe, ungemwacha aende?"

Alikunywa chai yake kwanza. Kisha akasema, "Afande, huyu mtoto amekula kwetu. Mama yangu alimpakata. Anajua kama tuko wengi. Polisi kama hiyo sisi tumeingojea."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya naangalia nguo kambani, nikalia huko, nikarudi nikamwongezea chai. Ameondoka kabla hujarudi, kuna watu wa kubeba. Parachichi ziko chini ya meza. Usizimalize njiani, unakumbuka tumbo.

Imebaki mwisho wa hadithi ya saa. Kila mara nilipofika kwenye kamba ya treni nilikuwa naendelea kana kwamba nasoma, nikaubuni mwisho. Nilipokuwa mgeni kazini mpelelezi alikuwa anaitupa saa dirishani na kunyamaza. Siku niliyogombana na mkubwa wangu, mpelelezi alipandishwa cheo. Siku ya mvua ile iliyoingia mpaka kitandani, treni yote ilizama kwenye matope. Nilidhani unaamini. Halafu mchana mmoja, ukiwa darasa la pili, nilitoka zamu nimechoka, nikasinzia kabla ya kufika mwisho. Nikasikia sauti ndogo inaendelea, "Akashuka kwenye treni, akarudi kwa miguu, akamfungulia yule kijana." Nikafungua jicho kidogo. Ulikuwa umeshika kitabu, unatazama pale palipochanika. Ulikuwa unajua kusoma. Ulikuwa unajua kwamba hapana kitu. Na kesho yake ukaja na kitabu ukaniuliza, "Mama, leo inaishaje?" Ulinisitiri hivyo mpaka umekuwa mkubwa. Sijawahi kukushukuru kwa hilo. Asante, Amuge. Asante kwa kuniachia nifikiri kwamba ni mimi ninayekusomea.

Wewe ulimfikisha kwenye mlango wa selo. Mimi, ingawa nilikuwa najua kinachofuata, sikuwahi kukisimulia. Basi sikiliza, huu ndio mwisho wangu, na leo sibuni.

Mpelelezi anashuka na saa kwenye mfuko. Anamfungulia kijana. Halafu hapandi treni nyingine. Anakwenda mpaka nyumbani kwa kijana, huku amejipanga maneno, na mama mwenye nyumba anamwambia akae, ale kwanza. Anakula. Saa inagonga kwenye mfuko, kila mtu anaisikia, hakuna anayesema. Akimaliza ndipo anaitoa na kuiweka mezani. Na tangu siku hiyo, kabla ya kugonga mlango wa mtu yeyote, anaanza kwa kufungua mfuko wake.

Utakosea, Amuge. Nilikuwa nataka uahidi hutakosea, na hiyo si ahadi ya mtu, ni zipu tu, kama asemavyo baba yako. Ukikuta saa kwenye mfuko wako, shuka. Hata kama wamekupigia makofi mpaka stesheni, shuka, rudi, ukae, ule wanachokupa.

Swali lako lilikuwa kama nakubariki. Nakubariki kwa mikono miwili, kwa roho yangu yote, na kwa bundu ya mama yake Masereka. Nenda. Kitabu nimeinuka sasa hivi nikakitia kwenye sanduku, chini ya sweta, kabla baba yako hajakaza kamba.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unaaga mara ya pili. Nakomea hapa.

Mama yako,
ambaye sufuria ameiosha mwenyewe.